Ajali Haina Kinga? Kudura, Hiari na Kosa la Dereva

Miezi kadhaa iliyopita nilihudhuria mazishi ya kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu wa isimu. Alikuwa amebakisha muhula mmoja tu ahitimu. Basi alilokuwa akisafiria usiku kutoka kwao kurudi chuoni lilitoka barabarani kwenye mteremko, likabingirika, na watu watano wakafariki papo hapo. Manusura walisimulia kwamba dereva alikuwa ameshinda akiendesha mchana kutwa bila kupumzika, na kwamba abiria walimsihi apunguze mwendo si mara moja wala mbili. Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Pale kaburini mhubiri alisimama akatufariji kwa maneno tuliyoyazoea. Alisema kwamba saa ya marehemu ilikuwa imewadia, kwamba hata angelala kitandani mwake usiku ule angefariki tu, na kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Waombolezaji waliitikia "Amina". Nami niliitikia pamoja nao, kwani mdomo una mazoea yake.

Watu walipokuwa wakitawanyika, babake marehemu, mzee aliyestaafu baada ya kufundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, alinishika mkono akanivuta kando, chini ya mparachichi.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe umesoma hadi kisomo kikaisha. Hebu niambie. Kama Mungu ndiye aliyeipanga siku hii, yule dereva ana kosa gani? Na kama si Mungu aliyeipanga, Mungu alikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Pole sana, Mzee. Tumwachie Mungu." Alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hivyo ndivyo wanavyosema wote." Baadaye nilipata kujua kwamba ndugu zake walikuwa wakimshauri asilifuatilie jambo lile kwa polisi. Hoja yao ilikuwa kwamba kesi haimfufui mtu, na kwamba kuyapinga yaliyoandikwa ni kumpinga Mwandishi.

Makala haya ni jaribio langu la kumjibu mzee yule. Mimi si mwanatheolojia wala mchungaji. Hata hivyo, swali lake lina sehemu inayohusu imani na sehemu inayohusu lugha, na nina hofu kwamba sisi wenye kufundisha lugha tumekuwa tukiikwepa sehemu yetu.

Nianze, basi, na lile nilijualo. Katika Kiswahili cha leo, neno ajali humaanisha tukio baya la ghafla, hasa la barabarani. Lakini asili yake ni Kiarabu, ajal, na maana yake ya awali ni muda uliowekwa, hususan muda ambao mja amewekewa kuishi hapa duniani. Ajali ya mtu ilikuwa saa yake ya kufa, awe amekufa kwa mkuki, kwa homa au kwa uzee. Wahenga waliponena kwamba ajali haina kinga, katika maana hiyo ya kale, walinena jambo ambalo Mwislamu, Mkristo na hata asiye na dini hawezi kulikanusha: kila mja atakufa, na hakuna ngao ya kuizuia siku hiyo.

Kisha lugha ikafanya kazi yake. Maana ya neno ilihama kutoka kwenye saa ya kufa hadi kwenye tukio linaloua, na kutoka hapo hadi kwenye magari yanayogongana. Methali yenyewe haikubadilika hata herufi moja. Matokeo ni kwamba kauli iliyokuwa kweli katika maana ya kale imegeuka kuwa uongo katika maana mpya, wala hakuna aliyegutuka. Kwa hakika ajali ya barabarani ina kinga. Kinga yake ni breki nzima, mkanda, dereva aliyelala usingizi wa kutosha na askari wa trafiki asiyepokea hongo. Nchi yetu ilikiri hivyo mwezi Februari 2004, pale kanuni zilizosimamiwa na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilipoanza kutekelezwa, na matatu zikalazimika kuwa na vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama. Sikumbuki kumsikia mhubiri yeyote akilalamika mimbarini kwamba serikali imeziingilia saa alizoziweka Mungu.

Ajali ina jamaa zake katika msamiati wetu. Shina lililotupa kudura, yaani uwezo wa Mungu, ndilo lililotupa kadari, yaani yale ambayo Mungu ameyapima na kuyaamua. Shina hilo hilo limetupa kadiri na makadirio, hivi kwamba tunapozungumzia makadirio ya matumizi ya serikali tunatumia neno la ukoo mmoja na kadari. Majaaliwa nayo yametokana na kitenzi jaalia, katika kauli ya kutendwa: ni yale ambayo mtu amejaaliwa. Kwa upande wa pili wa mizani tuna neno hiari, ambalo pia ni la Kiarabu, na ambalo kiini chake ni kuchagua. Mkristo wa Kenya anayelijadili suala hili kwa Kiswahili hulijadili kwa maneno yaliyokomazwa na Waislamu wa pwani karne nyingi kabla ya Krapf kufika Mombasa mwaka 1844. Hilo si jambo la kuonea haya. Linatuonyesha tu kwamba swali la mzee yule ni la binadamu wote wanaomwamini Mungu mmoja, mwenye nguvu na mwenye haki.

Methali zetu nazo zimegawanyika. Moja inatuambia kwamba jitihada haiondoi kudura, na nyingine kwamba liandikwalo ndilo liwalo. Papo hapo tunaambiwa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba hiari yashinda utumwa. Mwanafunzi anayeandika insha huweza kuchota upande wowote autakao na asitiwe kosa. Wazee hawakuwa wakijipinga. Walijua kwamba kuna wakati wa kumtuliza aliyeshindwa baada ya kujitahidi, na kuna wakati wa kumwamsha aliyelala. Taabu huzuka pale tunapolitumia neno la kumtuliza mfiwa kumlaza yule ambaye angepaswa kuamka.

Zaidi ya msamiati kuna sarufi. Kila mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa kauli ya kutendeka: vunja huwa vunjika, pindua huwa pinduka. Kauli hii ina sifa moja ambayo walimu aghalabu huipitia kwa haraka. Katika kauli ya kutendwa, mtenda anaweza kutajwa: kikombe kimevunjwa na Juma. Katika kauli ya kutendeka, mtenda hana nafasi. Kikombe kimevunjika, basi. Ukiongeza "na Juma" utaeleweka kana kwamba Juma naye amevunjika. Sasa tazama jinsi tunavyotangaza vifo vya barabarani: basi lilipinduka, lori lilipoteza mwelekeo, breki zilikatika, watu watano wakapoteza maisha. Hakuna hata kitenzi kimoja hapo chenye mwanadamu aliyetenda. Anayesikia habari kwa mtindo huo kila juma huwa tayari ameandaliwa kumtafuta mtenda mbinguni, kwa kuwa duniani hakuonyeshwa yeyote.

Sidai kwamba Kiswahili ndicho kilichotufanya tuwe hivi. Lugha hailazimishi fikira, na Kiswahili hicho hicho kinaturuhusu kusema kwamba dereva amelipindua basi. Sarufi imetupa kauli zote mbili, na anayechagua mojawapo ni msemaji.

Nije sasa kwenye Maandiko, kwani wanaosema kwamba kila kitu kimepangwa hudai kuwa wameyapata humo. Mtume Paulo, katika sura ya 8 ya Waraka kwa Warumi na sura ya 1 ya Waraka kwa Waefeso, anatumia kitenzi cha Kigiriki proorizo. Pro ni "kabla", na horizo ni "kuweka mpaka". Kutokana na kitenzi hiki cha pili lugha za Ulaya zilipata jina la upeo wa macho, pale ambapo mbingu na nchi huonekana kupakana. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, walikitafsiri kwa kitenzi chagua, wakikiongezea maneno ya kuonyesha utangulizi. Katika Waefeso, aya ya 4 na ya 5, Paulo ana vitenzi viwili tofauti, kimoja cha kuchagua na kingine cha kuweka mpaka kabla, lakini msomaji wa Union hukuta chagua kotekote. Siwalaumu watafsiri wale, maana Kiswahili hakikuwa na kitenzi kimoja cha kubeba mzigo wa proorizo. Lakini tofauti ipo. Ukisikia kwamba mtu amechagua, utauliza mara moja: ni nani aliyeachwa? Ukisikia kwamba ameweka mpaka, utauliza: safari hii inaishia wapi? Na katika sura zote mbili, Paulo anakifuatisha kitenzi hicho na mwisho wa safari, yaani kufanana na Kristo na kufanywa wana wa Mungu. Shabaha yake ni wokovu. Aya hizo hazituambii kwamba kila mtu amepangiwa gurudumu litakalomuua.

Hapa ndipo wanatheolojia hutofautisha mambo mawili ambayo sisi matangani huyachanganya. Kuna kuteuliwa kwa wokovu, na kuna maongozi ya Mungu, yaani jinsi anavyoutawala ulimwengu na matukio yake. Yote mawili yamejadiliwa kwa ukali mkubwa katika historia ya Kanisa, na mjadala wenyewe ulipamba moto kwa mara ya kwanza katika bara letu la Afrika.

Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo Algeria leo, akawa askofu wa Hippo hadi kufa kwake mwaka 430. Mshindani wake alikuwa Pelagius, mtawa aliyetoka Uingereza na kufundisha Roma. Pelagius alichukizwa na Wakristo waliosingizia udhaifu wa maumbile kila walipotenda dhambi. Alishikilia kwamba Mungu hawezi kuamuru lisilowezekana, kwa hiyo mwanadamu ana uwezo wa kutii akiamua. Augustino, aliyeyajua maisha yake mwenyewe ya ujana, alijibu kwamba hiari ya mwanadamu imejeruhiwa, na kwamba hata ule uamuzi wa kumtafuta Mungu ni zawadi ya neema. Baraza la maaskofu wa Afrika lililokutana Carthage mwaka 418 liliyakataa mafundisho ya Pelagius.

Lakini kisa kinachotuhusu sisi walimu kilitokea miaka michache baadaye, mnamo 426 na 427, katika monasteri ya Hadrumetum, mji uitwao Sousse leo nchini Tunisia. Watawa wa pale walipata nakala ya barua ya Augustino kuhusu neema, wakagawanyika. Baadhi yao walifikia hitimisho lenye mantiki ya kutisha: ikiwa kutii kwangu ni zawadi ya Mungu, basi nisipotii mkuu wangu asinikaripie, aniombee tu. Ndugu msomaji, huo ndio udhuru wa dereva wetu, umevaa kanzu ya mtawa.

Augustino angeweza kuwapuuza. Badala yake aliandika vitabu viwili, kimoja kuhusu neema na hiari, na kingine kuhusu kukaripia na neema. Alishikilia kwamba dhambi ya mtu ni yake mwenyewe, na anayeitenda hana wa kumsukumia. Aliongeza kwamba karipio lenyewe huweza kuwa chombo ambacho neema inakitumia kumrudisha aliyepotea. Tena, kwa kuwa hakuna mwanadamu anayejua ni nani aliyeteuliwa, ni wajibu wetu kumtakia kila mtu wokovu na kumkaripia kila akoseaye kwa upendo, pasipo kumkatia tamaa hata mmoja. Hivyo, yule yule aliyetetea uteule kuliko wote alikataa katakata kuugeuza uwe ruhusa ya uzembe. Mwaka 529, maaskofu waliokutana Orange, kusini mwa Ufaransa, walikubaliana naye kuhusu haja ya neema, lakini wakalaani wazo la kwamba Mungu huwapangia watu kutenda maovu.

Miaka elfu moja baadaye moto ukawaka tena. Mwaka 1524 Erasmus wa Rotterdam aliandika kitabu cha kutetea hiari, na mwaka uliofuata Martin Luther akamjibu kwa kitabu kuhusu utumwa wa hiari. Baadaye John Calvin wa Geneva akayapanga mafundisho ya uteule kwa utaratibu uliolifanya jina lake kuwa jina la fundisho lenyewe. Wengi wanaodai kwamba dereva hana kosa huamini kuwa wamesimama upande wa Calvin. Wangemsoma wangeshangaa. Katika kitabu cha kwanza cha Institutio, sura ya 17, anawashambulia wale wanaosema kwamba, kwa kuwa Mungu ameweka saa ya kufa, ni bure kujikinga na hatari. Anajibu kwamba Mungu yule yule aliyeyawekea maisha yetu mipaka ndiye aliyetukabidhi kuyatunza, akatupa akili ya kuona hatari na njia za kuiepuka. Papo hapo anakataa kwamba mwovu anaweza kujitetea kwa kusema alikuwa akitimiza mapenzi ya Mungu.

Wafuasi wa Jacobus Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1609, waliona kwamba Calvin na wanafunzi wake wamekwenda mbali mno. Walishikilia kwamba mwanadamu anaweza kuipokea neema au kuikataa. Sinodi ya Dordrecht, iliyoketi kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619, iliwahukumu kuwa wamepotoka. Nchini Uingereza, Ungamo la Westminster la mwaka 1646 lilisema kwamba Mungu ameamuru yote yatukiayo. Lakini katika sentensi iyo hiyo likaongeza kwamba Mungu si mtunzi wa dhambi, wala hiari ya viumbe haitezwi nguvu, wala visababishi vya kawaida haviondolewi. Ungamo hilo lilifika kwetu pamoja na wamisionari wa Uskochi waliojenga Kikuyu, nalo ni sehemu ya urithi wa Wapresbiteri wetu. Wamethodisti, walioanza kazi Ribe mwaka 1862, walikuja na urithi wa John Wesley, ambaye mwaka 1739 alihubiri waziwazi dhidi ya fundisho la uteule, hata akakosana na rafiki yake George Whitefield. Waliendelea kupendana licha ya hayo, na Whitefield alipofariki mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri katika ibada ya kumkumbuka mjini London.

Wakatoliki nao walikuwa na mvutano wao. Mtaguso wa Trento ulitamka mwaka 1547 kwamba hiari ya mwanadamu haikuzimika, bali hushirikiana na neema. Jinsi ushirikiano huo unavyofanyika iliwagombanisha Wajesuiti na Wadominiko kwa miaka mingi, hadi Papa Paulo wa Tano alipoufunga mjadala mwaka 1607 bila kumpa yeyote ushindi, na kuwaonya wasiitane wazushi.

Nimeyapitia haya kwa haraka ili nifike kwenye jambo moja. Pande hizi zimetofautiana kuhusu uteule, kuhusu neema na kuhusu kiasi cha hiari kilichosalia kwa mwanadamu. Lakini hakuna hata upande mmoja kati yao unaosema kwamba dereva aliyesinzia kwenye usukani hana kosa. Augustino hasemi hivyo, wala Calvin, wala Wesley, wala Trento. Fundisho tunalolisikia makaburini si la yeyote kati yao. Limeokotwa katika methali iliyobadilika maana na katika kitenzi kisichokuwa na mtenda, kisha likavishwa joho la dini.

Atakaye mfano kutoka kwenye Maandiko asome sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Paulo ni mfungwa ndani ya merikebu iendayo Roma. Dhoruba imewapiga kwa siku nyingi. Malaika anamwambia kwamba hakuna hata mmoja atakayekufa kati ya watu wote 276 waliomo, na Paulo anawatangazia hivyo. Hayo, basi, yameandikwa. Lakini usiku mabaharia wanapojaribu kutoroka kwa mashua, Paulo yule yule anamwambia akida kwamba watu hao wasipobaki chomboni, hao wengine hawataokoka. Askari wanazikata kamba, mashua inakwenda na maji, na mwishowe wote wanafika nchi kavu ya Malta, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Paulo hakuona mgongano wowote kati ya ahadi ya Mungu na wajibu wa wanamaji. Ahadi ilihusu mwisho wa safari, na wanamaji walikuwa sehemu ya njia ya kuufikia. Nahodha angelala, akida asingemwambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Sasa nitoke barabarani niingie darasani, maana huko nako tuna ajali zetu.

Mtihani unapotoka, mwanafunzi ambaye hakufungua kitabu huja akasema kwamba Mungu hakupenda apite. Namwuliza kama Mungu alipenda akeshe akitazama kandanda muhula mzima. Hucheka, na kucheka kwake ni ushahidi kwamba anajua. Lakini kosa lililo kubwa zaidi ni letu sisi walimu. Tunasema kwamba huyu hakujaaliwa akili, yule hesabu si zake, wale wa nyuma ni wa kusindikiza wenzao. Tunapanga madawati kana kwamba tumekabidhiwa kitabu cha uzima. Augustino alikataa kujua ni nani aliyeteuliwa na nani aliyeachwa. Mwalimu wa darasani anajua kabla ya likizo ya Aprili.

Nasema haya nikiwa na deni. Kijana tuliyemzika aliandika jaribio baya sana la fonolojia katika mwaka wake wa kwanza. Nilimrudishia karatasi mbele ya wenzake nikamtania, "Bwana, wewe isimu hukuandikiwa." Darasa lote likacheka, naye akacheka. Juma lililofuata alibisha ofisini mwangu akiwa na maswali sita kwenye kijikaratasi. Aliendelea kubisha hivyo kwa miaka mitatu. Nilipomtembelea babake majuma machache baada ya mazishi, mzee aliniambia kwamba kijana aliyapeleka maneno yangu nyumbani. "Alikuwa akisema, 'Mwalimu wangu kaniambia sikuandikiwa, nami nataka nijue mwandishi ni nani.'"

Nilikaa kimya. Mnajua nyote, wanafunzi wa sarufi, kwamba "hukuandikiwa" ni kitenzi cha kauli ya kutendewa kilichotiwa kiambishi cha kutendwa, na kwamba mtenda ameachwa nje. Mwandishi katika sentensi ile hakuwa Mungu. Nilikuwa mimi, na nilijificha nyuma ya kiambishi.

Nilikuwa nimekwenda kwa mzee yule ili nimpe jibu nililomnyima. Nilimsimulia habari za watawa wa Hadrumetum na merikebu ya Paulo. Kuhusu swali lake la kwanza nilimwambia wazi kwamba, kwa mujibu wa Wakristo wa pande zote niliowasoma, dereva ana kosa, na kutaka awajibishwe si kumpinga Mungu. Kuhusu swali la pili nilikuwa na machache. Nilimkumbusha kwamba Yesu alipozungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikanusha kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine, wala hakusema kwamba saa yao ilikuwa imefika. Na kwenye kaburi la Lazaro, ambaye alikuwa karibu kumfufua, alilia. Mzee alifikiri kwa kitambo. "Hilo la kulia," akasema, "ndilo ninaloweza kulishika kwa sasa."

Kisha akaingia ndani akatoka na karatasi. Ilikuwa barua kwa mkuu wa kituo cha polisi, akiuliza ni kwa nini dereva alikuwa hajafikishwa mahakamani. Aliniomba niisahihishe, kama walimu waombanavyo. Sarufi yake haikuwa na dosari. Nilisita tu mahali alipoandika kwamba basi lilipinduka likawaua watu watano.

"Mzee," nikamwuliza, "basi lilijipindua?"

Aliisoma tena sentensi ile, mdomo ukicheza bila sauti. Akachukua kalamu, akaikata, akaandika juu yake kwamba dereva aliombwa na abiria apunguze mwendo, akakataa, na kwamba wako watu walio tayari kutoa ushahidi wa jambo hilo. Akaitia sahihi, akaikunja.

Barua ilikwenda. Ninapoandika haya kesi haijaamuliwa, na huenda ikachukua miaka kama zichukuavyo kesi zetu. Mzee anajua hivyo. Hakuna hukumu itakayomrudishia mwanawe, na hilo alilijua kabla ya nduguze kumwambia. Lakini kila tarehe inapotajwa hupanda gari asubuhi na mapema, hufunga mkanda, na kwenda kuketi mahakamani.

Nami nimejiwekea mambo mawili. Nikihudhuria mazishi ya aliyeuawa na uzembe wa mtu, nitasema pole, nitaomba pamoja na wafiwa, lakini sitaitikia "Amina" kwa maneno yanayomtwika Mungu kosa la dereva. Na nikirudisha karatasi za mtihani, nitamwambia mwanafunzi alichokosea na namna ya kukirekebisha. Kilichoandikwa kumhusu mwisho wa safari yake sikijui, wala sikuajiriwa kukisoma.

Walimu wenzangu, tunapofundisha kauli ya kutendeka kesho, tuwaulize wanafunzi swali moja zaidi ya yaliyomo kitabuni: ni nani aliyetenda?